Ndege ya Adolfu Haikung'aa Hivyo

Baltazari fundi bati ameanza tena kuitikia salamu. Kwa majuma kadhaa, ukipita mbele ya kibanda chake ukamwambia habari za asubuhi, alikutazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Sasa anaitika, anauliza na za nyumbani, na juzi nilimsikia akicheka peke yake huku akinyoosha mfereji wa maji. Naandika haya nikiwa nimeshusha pumzi. Mambo yanayoisha vizuri katika mji huu ni machache, na hayo machache hakuna anayejisumbua kuyaandika.

Alizaliwa Mpui kwa wakulima wa mahindi na ulezi, akaletwa Sumbawanga kujifunza bati kwa mjomba wake. Wakati ule fundi bati alikuwa mtu. Alitengeneza ndoo, karai, koroboi, majiko ya mkaa, vikopo vya kupimia nafaka. Hakuna msichana aliyetoka kwao kuolewa bila ndoo mpya ya bati, inayong'aa hata jua likiipiga unafumba macho. Kisha ikaja plastiki. Zikaja ndoo nyekundu na za bluu zinazopasuka kabla Kwaresima haijaisha, na watu wakazipenda kwa sababu ni nyepesi. Sisi Wafipa, ambao babu zetu walichimba mawe na kuyayeyusha katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizojaa vilimani, wakafua majembe yaliyolima nchi za watu wengine, leo tunanunua jembe lenye mhuri wa nchi ambayo hatuwezi hata kutamka jina lake. Malungu machache yaliyobaki, mbuzi hujikunia migongo.

Kazi ilipopungua, Baltazari alibaki na mifereji ya mapaa na mikono isiyotaka kukaa bure. Akaanza kuchonga ndege ndogo za mbao na kuzitia mabawa ya bati. Mwalimu mmoja alinunua ya kufundishia, mwenye duka mmoja akanunua ya kuweka juu ya kabati. Mkewe, Bertilla, mama yake Rahel, alisema ni heri ndege kuliko pombe, na mambo yakaenda hivyo.

Ndiyo maana mjane Hellena alipokwama, alituma watu kwake.

Hellena ni mjane wa Adolfu, aliyefariki Kwaresima iliyopita. Ukoo wa Adolfu una desturi yao ambayo koo nyingi zimeiacha, kwa sababu siku hizi msiba unamalizwa kwa vipaza sauti na fulana zenye picha. Kwao, siku ya kumaliza msiba, chombo cha kazi cha marehemu huwekwa kwenye mkeka mbele ya wazee. Mkubwa wa ukoo hukitazama, hukishika, kisha husema, "Naam, hiki ni chake." Hapo mrithi hukabidhiwa chombo pamoja na jina, na mjane hufunguliwa kitambaa cheusi. Mkubwa asipotamka maneno hayo, msiba haujaisha, hata kama padri amesoma misa na watu wamekula wakashiba. Na mjane aliyefungwa kitambaa havuki uzio wa nyumba yake wala hashiki jembe.

Mkubwa wa ukoo huo ni mzee Timoth, kaka yake Adolfu. Ujanani wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanja cha ndege. Timoth alibeba mapipa ya mafuta. Adolfu alianza kwa kufagia, akawa msaidizi wa mafundi wa ndege moja ya injini mbili, aina ya Dakota, ile iliyosimama pua juu na mkia chini, isiyopakwa rangi hata kidogo. Aliifuta, aliikaza ribiti, zile pini zinazoshika mabati, alilala chini ya bawa lake kipindi cha mvua. Vyombo alivyotumia vilikuwa vya mwajiri na viliondoka na mwajiri. Nyumbani hakukubaki kitu ila picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe: Adolfu kijana, amesimama mbele ya ndege, na ndege yenyewe ni weupe mtupu nyuma ya mabega yake.

Flavian, mwana wa marehemu na mrithi wake, ni mwalimu huko Namanyere. Alimpigia simu baba yake mkubwa akaomba jambo liwe rahisi.

"Baba mkubwa, mzee alikuwa na jembe. Tuweke jembe."

"Kila mtu ana jembe. Hata wewe unalo, ingawa sijawahi kuliona na udongo."

"Basi tuweke picha."

"Baba yako alifanya kazi na picha?"

Wengi walisema Timoth ni mkorofi. Mimi sikusema hivyo. Mtu mmoja akiishika desturi kwa mikono miwili, wale walioiachia humwita mkorofi ili wapate kulala. Lakini niliona pia upande wa Hellena. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia. Watu walikuwa wameshaanza kuinua matuta ya ulezi na kusafisha mashamba ya mahindi, na yeye alikuwa akiwatazama kutoka ndani ya uzio. Msiba usipomalizwa kabla ya kupanda, kwao haumalizwi tena mpaka baada ya mavuno, na shamba lake lingelala msimu mzima. Flavian alimwambia atamtumia unga. Alijibu kwamba amekula jasho lake tangu akiwa msichana wa Msanzi, na hajafika umri wa kulishwa kama kifaranga. Timoth akakubali jambo moja tu: kama hakuna chombo, basi iletwe ndege yenyewe, hata kama ni ndogo, ila awe anaitambua.

Baltazari alichonga umbo kwa mbao ya paina, urefu wa mkono wa mtu mzima, akifuata picha ile. Umbo halikumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni ngozi. Alianza na rangi ya fedha ya kopo, ndege ikatoka kama geti la shule. Rangi ya fedha ni rangi tu, na macho hayadanganyiki, yanajua kwamba chini yake kuna mbao. Akaikwangua yote. Bati la kawaida nalo lilikataa kukunjika kwenye pua na kwenye mashina ya mabawa. Mwishowe akaenda kununua foili, ile wauza chipsi wanayofungia kuku.

Foili haifichi kitu. Punje moja ya mchanga ikibaki chini yake inaonekana kama chunusi kwenye paji la uso. Alisugua mbao kwa msasa laini, akapaka vanishi, akasugua tena, mpaka ukipitisha kidole unadhani umegusa yai. Akapaka gundi nyepesi, akaiacha mpaka ikabaki inanata tu, akalaza foili, kisha akaikandamiza kwa jiwe la mtoni. Jiwe hilo lilikuwa la mama yake Bertilla, mfinyanzi, aliyeng'arishia vyungu maisha yake yote, na lilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kazi ilipokwisha, ndege iling'aa hata kibanda kikaonekana kina taa. Bertilla aliita majirani waje waone. Nilikwenda. Nilidhani imekwisha.

Timoth alikuja na fimbo yake, kofia imemfunika masikio.

"Shikamoo, mzee," Baltazari alisema.

"Marahaba. Iko wapi?"

Baltazari akaondoa kitambaa. Timoth aliinama akaitazama.

"Ninaona meno yangu," alisema. "Hayo mawili yaliyobaki."

Bertilla alicheka. Timoth hakucheka.

"Mama Rahel, hii ni yako? Maana naona sufuria ya bibi harusi imeota mabawa."

"Ni ndege, mzee," Baltazari alisema.

"Ndege ipi?"

"Ya marehemu."

"Ndege ya Adolfu haikung'aa hivyo. Wewe umeifunika kwa nguo moja, kama maiti. Ile ilikuwa mabati, fundi. Mabati. Hili limebadilishwa mwezi uliopita, lile limekaa tangu enzi za Wazungu. Moja jeupe, moja kijivu, moja kama mvuke umelikalia. Na nyuma ya injini kuna njia ya moshi ambayo hata uioshe namna gani haitoki. Umeona wapi mabati yaliyokaa juani yakafanana kama mapacha? Angalia paa lako."

Baltazari aliangalia paa lake. Alikuwa ameliezeka kwa mikono yake, vipande vya miaka mbalimbali, na hakuna viwili vilivyofanana.

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nilibeba mapipa. Fundi ni wewe." Akageukia mlangoni. "Kama haikupatikana, nitamwambia shemeji asubiri mavuno. Sitasema neno la uongo mbele ya mkeka."

Kosa lile lilikuwa la kwetu kabisa. Hapa kwetu kitu cha heshima ni kitu kilichosuguliwa. Mwanamke hupimwa kwa sufuria zake zilivyopangwa ukutani, na fundi bati hupimwa kwa ndoo inavyomrudishia mteja uso wake. Baltazari alifanya kile alichofundishwa tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kung'aa kukawa dosari.

Alikaa siku nzima hagusi kitu. Hellena alituma mtu kuuliza kama bado kuna tumaini.

Bertilla ndiye aliyesema. Alikuwa anapika maharage makavu, yale magumu ambayo hayaivi bila magadi, na alipoyapakua aliinamisha sufuria kuelekea mlangoni.

"Baba Rahel, njoo uone ndani humu."

"Nione nini? Maharage?"

"Nje naisugua kila siku, inang'aa. Ndani je? Kijivu. Na ile ndogo, isiyopikiwa sana, ni kijivu cha namna nyingine. Hakuna aliyezipaka rangi. Ni magadi."

Baltazari alishika sufuria mbili, akazitoa nje kwenye jua. Aliporudi alikuwa ameshaanza kukata foili.

Kwa siku zilizofuata nyumba ile ilipika foili. Vipande vilichemshwa katika maji ya magadi, vingine vikitolewa mara tu maji yanapochemka, vingine vikiachwa mpaka vinafifia kabisa. Kimoja kilisahaulika kikatoboka kama chandarua kuukuu. Vingine vilichemshwa katika maji matupu ya kisima, navyo vikatoka na wingu hafifu la manjano. Bertilla alivianika juu ya ungo, na mtu mmoja aliyepita aliuliza wanauza dagaa gani. Baltazari akaibandua ngozi ya kwanza yote, akachora kwenye mbao mistari ya mabati kwa penseli, kisha akabandika kipande kimoja kimoja, kila kimoja na rangi yake, tena akigeuza mwelekeo wa kusugua. Hapo aligundua jambo lililomfurahisha kama mtoto: vipande viwili vya rangi moja, kimoja ukisugua kwa urefu na kingine kwa upana, jua linavigawa vikawa viwili. Alichukua gurudumu lenye meno la saa mbovu, akalitia mpini, akalipitisha pembezoni mwa kila kipande, na vikatokea vitundu vidogo katika safu kama vichwa vya ribiti. Moshi wa nyuma ya injini aliutoa kwa masizi ya koroboi, akiyapaka kwa ncha ya kidole na kuyavuta kuelekea nyuma, kama upepo ulivyoyavuta.

Nilikwenda tena kuiona. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Ilikuwa imechoka, imefanya kazi, imepigwa na mvua za Ufipa. Ungedhani ukiigusa utakuta ina joto.

Ndege ilipelekwa kwa Hellena mchana, siku moja kabla ya kumaliza msiba. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa uani, na kazi yao siku hiyo ni moja: kuosha kila kitu cha marehemu. Kiti chake, bakuli lake, fimbo, viatu, vyote husuguliwa kwa jivu, kwa sababu kitu cha marehemu hakifiki mbele ya wazee kikiwa na uchafu wa msiba. Baltazari aliiweka ndege mezani, akaifunika, akaenda zake. Hakuwaza kumwonya mtu. Margareth, mpwa wa Hellena aliyetoka Msanzi asubuhi ile, alifunua akaona kidude cha bati kimeingia masizi na kufifia. Akamwonea huruma fundi, labda alikosa muda. Akachukua jivu laini na kitambaa.

Hellena alitoka chumbani akamkuta ameshafika katikati.

"Margareth. Unafanya nini?"

"Nasafisha, shangazi. Ilikuwa na masizi."

Alikuwa ameusugua ubavu wa kushoto, kuanzia puani mpaka kwenye mlango. Upande ule uling'aa kama shilingi mpya. Masizi ya injini ya kushoto yalikuwa yamekwenda. Hellena alikaa kwenye kigoda. Hakumgombeza, maana binti alifanya alichofundishwa, na hata yeye mwenyewe angeweza kukifanya. Alisema tu, "Basi. Iache hivyo ilivyo," na akajifunga upya kitambaa kichwani kama mtu anayejiandaa kukaa nacho muda mrefu.

Baltazari aliikuta hivyo asubuhi baada ya misa. Wazee walikuwa wameshaketi kuzunguka mkeka. Hapakuwa na muda wa kuchemsha chochote. Bertilla alimshika Margareth mkono, kwa sababu binti alikuwa ameanza kulia.

"Ilete," Timoth alisema.

Flavian akaiweka mbele yake, ubavu wa kulia ukimwelekea mzee. Sijui kama alifanya makusudi. Timoth aliitazama ile safu ya mabati, jeupe, kijivu, lenye wingu. Alipitisha ukucha kwenye ribiti. Aligusa masizi ya injini ya kulia, akatazama kidole chake kikiwa cheusi. Uso wake ulilegea, na nikadhani atatamka hapo hapo. Lakini Timoth si mtu wa kununua ng'ombe kwa kutazama upande mmoja. Akaigeuza.

Mzee alitazama ule weupe kwa muda mrefu. Hellena alikuwa amesimama mlangoni na macho yake yako chini.

"Nani amefanya huku?" Timoth aliuliza.

Margareth alisogea mbele. "Ni mimi, babu. Nilisafisha. Sikujua."

"Ulisafisha mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni. Shangazi akanizuia."

Timoth alitikisa kichwa taratibu. "Mpaka mlangoni," alisema. Kisha akawageukia wazee. "Wageni walikuwa wanashukia kushoto. Mabwana wakubwa, maaskofu, watu wenye miwani. Bosi wa kiwanja alimwambia Adolfu asugue pale watakapopita. Adolfu akawa anasugua kutoka puani mpaka mlangoni, basi. Nikamwambia, mbona humalizi? Akaniambia, huku kwingine nani anakuja kutazama? Alikuwa mvivu, mdogo wangu. Mvivu mwenye akili."

Mzee mmoja alianza kucheka, akajizuia, kisha wote wakacheka. Flavian alicheka huku akifuta macho. Timoth aliibeba ndege kwa mikono yote miwili.

"Naam," alisema. "Hii ni yake."

Akamkabidhi Flavian ndege na jina la baba yake. Wifi zake Hellena wakamfungua kitambaa, na nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyozikumbuka. Baltazari alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, bila kiti, akaletewa sahani akala kama mtu aliyetoka kuugua. Bertilla alimwambia apunguze mwendo, nyama haina miguu.

Baadaye, tukiwa tunanywa, nilimsogelea Timoth. Sisi ni wa rika moja na ninaweza kumuuliza mambo.

"Ni kweli hayo ya mlangoni?"

Alinitazama kwa jicho lake moja zuri.

"Mzee mwenzangu, wewe ulikuwepo kiwanjani?"

"Sikuwepo."

"Basi aliyekuwepo ameshasema."

Sikuuliza tena. Alikuwa ameapa kutosema uongo mbele ya mkeka, nami namjua tangu tukiwa wachunga mbuzi. Labda Adolfu alikuwa hivyo kweli. Nikimkumbuka, naona anaweza. Vyovyote iwavyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona desturi ya zamani ikifanya kazi yake bila kumvunja mtu, nikatamani wale wanaomaliza misiba kwa vipaza sauti wangekuwepo wakaona.

Wageni walikuwa bado wanakula wingu lilipojikusanya upande wa bonde la Rukwa. Hellena alipita nyuma ya nyumba. Flavian alimfuata, na mimi nikamsikia akisema, "Mama, watu hawajaondoka."

"Wamekula?"

"Wanakula."

"Basi waache wale. Nenda ukakae nao, wewe ndiye mwenye nyumba sasa."

Akavua viatu vya misa, akaviweka juu ya jiwe, akavuka uzio akiwa na jembe begani. Alipofika shambani alisimama kidogo akipima kwa macho mahali tuta la kwanza litakapoanzia, kisha akainama.